Uhakiki Ulionipeleka Doldol

Miaka ile ya sabini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja nje kidogo ya mji wa Nyeri, na nilikuwa najiona. Nilikuwa nimesomea ualimu Mombasa miaka miwili, nikarudi nyumbani na Kiswahili kilichonyooka mpaka mama yangu akawa ananiuliza kama nina homa. Sokoni niliwasahihisha wauza viazi. Mtu akiniambia "kitabu yangu imepotea," nilimtaka kwanza arekebishe sentensi, ndipo tukitafute hicho kitabu. Sikuwa na marafiki wengi, na nilidhani sababu ni wivu.

Pale mjini kulikuwa na gazeti dogo la mwezi lenye kurasa nane: habari za mashamba, mahubiri, matokeo ya kandanda. Mhariri wake alikuwa mzee mtulivu aliyestaafu kutoka posta. Siku moja aliniita akaniambia kuwa mashindano ya michezo ya kuigiza ya mkoa yalikuwa yamefika ukingoni. Michezo mitatu ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo, na mmojawapo ulikuwa wa watu wa papo hapo Nyeri, wafanyakazi wa ofisi ya mifugo.

"Nenda ukautazame," akasema. "Halafu uandike vile unavyoona."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno matamu kama hayo.

Mchezo uliitwa Safari ya Mnada. Niliutazama Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mji, nimekaa safu ya mbele na daftari jipya mapajani. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Afisa wa mifugo anatumwa Doldol kuchanja ng'ombe kabla ya mnada. Mvua inanyesha, barabara inakatika, naye anakwama siku tatu katika boma la mzee mmoja mfugaji. Mzee hajui lugha ya afisa, afisa hajui lugha ya mzee. Mwanzoni afisa amekumbatia mkoba wake wa fomu kama mtu anayeogopa kuibiwa. Siku ya tatu anakunja mikono ya shati, anamsaidia mzee kumzalisha ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Anaporudi Nyeri, mkubwa wake anamwuliza, "Siku tatu zote hizo mlikuwa mkifanya nini?" Naye anajibu, "Tulikaa." Mwisho.

Katikati ya mchezo kulikuwa na onyesho ambalo mzee na mgeni wake wanaketi tu. Mgeni anakunywa maziwa kwenye kibuyu, mzee ameketi kando yake, hakuna anayesema neno. Dakika nne nzima. Nilitazama saa yangu mara tatu.

Usiku sikulala kwa furaha ya kuandika. Niliandika kwamba mchezo una nia njema lakini Kiswahili chake kinachechemea kama kuku aliyekanyagwa. Nikaandika kwamba hakuna binadamu wawili duniani wanaoketi dakika nne bila kusemezana, na kwamba nafasi ya yule mzee mwenyeji ingeweza kuchezwa na gunia la mahindi, na hadhira isitambue tofauti. Hiyo sentensi ya gunia niliisoma kwa sauti mara kadhaa, peke yangu, chumbani. Kisha, ili nisionekane mkali kupita kiasi, nikasifu kitu kimoja. Kulikuwa na maneno ambayo afisa anasema akisimama juu ya daraja, akitazama mto mpana wa Doldol ukipita chini yake. Niliandika: "Hapa ndipo tunapoona kwamba mwandishi anaijua Doldol kama kiganja cha mkono wake."

Gazeti lilitoka. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, mwanamke mmoja aliingia katika uwanja wa shule. Alikuwa wa makamo, amevaa sweta ya kijani na kilemba, na gazeti letu limekunjwa kwapani. Alinisalimu kwa heshima zote.

"Ni wewe mwalimu uliandika hii?"

Nikasema ndimi.

"Mimi ndiyo niliandika huo mchezo. Nafanya kazi ya kutaipu pale ofisi ya mifugo." Alilifungua gazeti polepole. "Nimesoma yote. Umeandika Kiswahili mingi sana."

Nilishukuru. Ilinichukua siku mbili kufahamu kwamba hakuwa amenisifu.

Tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha walimu, akanieleza habari zake bila haraka. Kwa miaka minane alikuwa akitaipu ripoti za maafisa waliokwenda huku na huko: Nanyuki, Isiolo, Doldol. Wao walisafiri, yeye alibaki na taipureta na karatasi za kaboni. Ripoti nyingi zilikuwa za kupe na chanjo. Lakini siku moja afisa mmoja kijana alirudi na ripoti iliyosema kwamba mvua ilimkwamisha katika boma la mtu, na palipokuwa pa kueleza kazi iliyofanyika, kijana aliandika neno moja: tulikaa.

"Mkubwa alisema nifute, niandike 'mazungumzo yalifanyika,'" yule mama akasema. "Yule kijana akakataa kabisa. Akasema ati hakuna mazungumzo, walikaa. Karibu afutwe kazi. Mimi nikaenda nyumbani na hiyo neno, haikuniacha nilale."

"Kwa hiyo dakika nne ni za kweli?" nikauliza.

"Ile ya kweli ilikuwa siku tatu, mwalimu. Mimi nilipunguza."

Nikatafuta pa kujishikia. Nikamwambia kwamba hata hivyo nilikuwa nimeusifu ule mto.

Alinitazama kwa huruma. "Huo mto niliuweka mimi. Mimi sijawahi kufika Doldol."

Kengele ililia. Nilifurahi sana kuisikia. Lakini kabla hajaondoka alisema kwamba wiki ile inayofuata lori la ofisi lilikuwa linakwenda Doldol na dawa za chanjo, na mkubwa wao alikuwa amewaruhusu waigizaji wapande, waucheze mchezo siku ya mnada. Naye angeenda, kwa mara ya kwanza. "Na wewe ukuje," akasema. "Kama watu wa kule watasema ni uongo, utaandika tena."

Nilikubali kwa sababu shule zilikuwa zinafungwa, na pia kwa sababu nilijua watasema ni uongo.

Tuliondoka asubuhi ya baridi ile ya Julai ambayo mlima hauonekani wala hautafutwi. Dereva wa lori ndiye aliyecheza nafasi ya afisa: mtu mrefu, mcheshi, aliyekuwa akiishi mtaa wa Skuta na aliyekuwa amewapeleka maafisa Doldol mara zisizohesabika. Karani mmoja aliyecheza mkubwa wa ofisi alikaa mbele pamoja naye. Mimi na mama mtaipu tulikuwa nyuma, juu ya masanduku, tumejifunika blanketi moja ya ofisi. Alibaki kuchukuliwa fundi cherehani mmoja mzee wa mtaa wa Majengo, Mwislamu, ambaye ndiye aliyecheza mwenyeji asiyesema. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili tangu babu zake, na nilikuwa nimesikia kwamba alikuwa amecheka sana alipousoma uhakiki wangu, hasa makosa yangu mawili ya sarufi.

Tulipofika mlangoni kwake alitoka bintiye. "Baba amevimba taya," akasema. "Jino. Hawezi hata kukaa kitako." Nyuma yake tulisikia sauti ikiguna, ikituombea safari njema.

Tulisimama pale barabarani. Dereva alizima injini. Karani akasema basi turudi. Mama mtaipu alinigeukia, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, kama mtu anayepima mzigo.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulisema hata gunia ya mahindi inaweza."

Dereva alicheka mpaka akaegemea usukani.

Njia nzima ya Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki mama mtaipu alinifundisha kazi yangu, na somo lilikuwa fupi. "Usifanye kitu. Mgeni anakunywa, wewe unakaa. Akimaliza mimi naingia, kama bibi yako, nachukua kibuyu. Ni hiyo tu." Nilimwuliza mzee yule anafikiri nini wakati ule wa kimya. Akasema hajui, muulize mzee. Nilimwambia kwamba mwigizaji hawezi kuingia katika nafasi bila kujua undani wake. Akajifunika blanketi mpaka machoni.

Tukaipita Nanyuki, ardhi ikaanza kukauka na kufunguka. Mahindi yakaisha, ikabaki miiba, mawe mekundu na mbuzi. Mama mtaipu alitoa kichwa nje ya turubai na hakukirudisha tena. Kila kitu alikitaja kwa sauti ndogo, kama anahakikisha ripoti: "Mgunga. Ee. Boma. Ee." Tulipofika Doldol yenyewe, maduka machache ya mabati na uwanja wa mnada umejaa ng'ombe na vumbi, alishuka, akageuka huku na huku.

"Mto iko wapi?" akamwuliza dereva.

"Mto gani, mama?"

"Ile ya daraja."

Dereva alimwonyesha mkondo wa mchanga mkavu uliopita nyuma ya maduka. Mbuzi wawili walikuwa wamelala katikati yake.

"Na mbona hukuniambia? Miezi yote unasimama kwa hiyo daraja ukisema maneno!"

"Niliona umeupenda," dereva akasema. "Na mimi nilikuwa naupenda."

Tulicheza alasiri, mnada ulipopoa. Tulishusha ubao wa nyuma wa lori, ukawa jukwaa. Watu walisimama, wengine wakachuchumaa, wazee wamejifunika mashuka, wanawake wana shanga shingoni, na kijana mmoja wa josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa, akawa anawafasiria maneno yetu. Onyesho la kwanza walilitazama kwa adabu. Dereva aliposema habari za daraja, mfasiri alisema maneno mafupi sana, watu wakaguna. Sikujua amewaambia nini, lakini hayakuwa daraja.

Kisha ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimefungwa shuka la kuazima, nimeketi kwenye kigoda, na miguu yangu ya mwalimu, iliyozoea soksi, ilikuwa nje mbele ya watu wote. Dereva aliketi kando yangu akainua kibuyu. Kikaanza kimya.

Nitasema kweli. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilihesabu mpaka sitini. Pua iliniwasha. Niliona kila mtu ananitazama, na kadiri walivyonitazama ndivyo nilivyozidi kuhisi kwamba wanangoja kitu, na kwamba kitu hicho ninacho mimi, na ni uchoyo kuwanyima. Nikamtazama dereva. Dereva alikuwa anakunywa hewa kwa utulivu mkubwa. Ndipo nikasikia sauti yangu, ile ya darasani, ikisema:

"Ewe mgeni wangu mtukufu, je, maziwa haya yamekuridhisha?"

Dereva alipaliwa. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko kabla hata mfasiri hajafungua mdomo. Wanawake walishikana mabega. Mimi nilitabasamu, nikidhani pengine nimeuokoa mchezo.

Mzee mmoja akainuka kutoka mbele. Hakuwa akicheka. Alipanda juu ya ubao wa lori kwa shida kidogo, akanigusa begani kwa fimbo, na kunipungia mkono nitoke, vile mtu anavyofukuza kuku kwenye nafaka. Nikamtazama mfasiri.

"Anasema mgeni hajamaliza kunywa, na wewe unamfukuza na maneno," kijana akasema.

Niliondoka kwenye kigoda. Mzee akakaa. Alilaza fimbo magotini, akavuta shuka lake vizuri, na badala ya kumtazama dereva, kama mimi nilivyokuwa nimemkodolea macho, alitazama mbali kule ng'ombe walikokuwa. Baada ya muda dereva naye akatazama huko. Basi. Wote wawili wakawa wanaangalia ng'ombe. Watu walitulia. Hata kule nyuma waliokuwa wakizozana bei walinyamaza, wakasogea.

Kisha mzee aligeuza jicho, akaona kwamba kibuyu cha dereva ni kitupu. Alikunja uso. Akaita jina fulani kwa sauti ya chini, na mwanamke mmoja akatoka katikati ya watu, akaenda, akarudi na kibuyu kingine kilichojaa maziwa ya kweli, yenye harufu ya moshi, akamkabidhi dereva. Dereva alikunywa. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Mzee aliendelea kutazama ng'ombe. Ilikuwa zaidi ya dakika nne, naapa, na saa yangu sikuitazama.

Mama mtaipu alikuwa upande wa pili wa lori, ameshika kanga aliyopaswa kuingia nayo kama bibi wa mzee. Aliisahau. Alisimama tu, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Tulimsukuma mwishowe, akaingia akachukua kibuyu, na mzee akamshukuru kwa lugha yake, kana kwamba wameishi pamoja miaka thelathini.

Sehemu iliyobaki ilikwenda vizuri kabisa. Dereva aliposema "Tulikaa," mfasiri alilisema neno hilo kwa lugha yao, na wazee wakaitikia kwa pamoja, kwa mguno wa watu waliosikia jambo la kawaida lililosemwa sawasawa.

Tuliporudi, mama mtaipu alijifunika blanketi mpaka Nanyuki. Hapo akaanza kucheka peke yake gizani. "Mgeni mtukufu!" akasema. "Mwalimu, Mungu anakuona." Kisha akasema ataondoa mto na daraja. Nilimsihi aviache.

"Kwa nini? Kwa sababu uliisifu?"

"Ndiyo," nikasema, na huo ulikuwa ukweli wa kwanza niliomwambia.

Niliandika uhakiki wa pili. Nilieleza yote, pamoja na aibu yangu, kurasa sita. Mhariri aliusoma akiwa amevua miwani, akaivaa, akausoma tena. "Mwezi uliopita uliwatukana," akasema. "Mwezi huu unawasifu. Watu watasema umepewa mbuzi." Alichapisha mistari minne tu, chini ya tangazo la vifaranga.

Ndipo ikaja siku ya tuzo. Tulijaa katika ukumbi wa mji, mimi nimekaa na kikundi, fundi cherehani kando yangu na taya lake likiwa limepona. Mwamuzi mkuu alikuwa bwana mmoja mgeni, mwenye suti na sauti nzuri. Alitaja michezo yote mitatu. Alipofika kwa Safari ya Mnada alisema kwamba waamuzi waliguswa sana, walipenda hasa lugha ya kishairi kuhusu ule mto. Kisha akatoa gazeti mfukoni.

Nililitambua kabla hajalifungua.

"Lakini, kama alivyoandika mhakiki mmoja hodari wa hapa hapa," akasema, na akasoma habari za gunia la mahindi, neno kwa neno, na ukumbi ukacheka pale pale nilipokuwa nimekusudia wacheke. Kikombe kilikwenda kwa mchezo wa shule moja kuhusu mfalme, ambao ulikuwa na mavazi mazuri.

Fundi aliniinamia sikioni. "Sentensi ina mapigo," akasema kwa upole. "Hongera."

Mama mtaipu alikuwa safu ya mbele yangu. Sikuthubutu kumwita. Tulipotoka nje nilimfuata mpaka kwenye ngazi, nikamwambia kwamba nimekosa, kwamba nimewanyima tuzo yao, kwamba kama ningeweza kuyala yale maneno ningeyala. Nilisema mengi. Alinisikiliza huku akifunga vifungo vya sweta yake.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi shika hiyo sanduku ya nguo. Ni nzito, na wewe ni kijana."

Nililibeba mpaka ofisini kwao. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kikundi, bila mtu kuniuliza wala mimi kuomba. Karani aliyecheza mkubwa wa ofisi alihamishwa, wakanipa mimi nafasi yake. Walisema sihitaji mazoezi: nivae tai, nisimame vile ninavyosimama siku zote. Tulicheza karibu miaka miwili, Karatina, Othaya, Nanyuki, popote palipokuwa na ukumbi au lori, mpaka mama mtaipu alipohamishwa Embu na kikundi kikasambaratika. Hakuandika mchezo mwingine. Alinipa sababu katika barua: huko Embu walimweka kitengo cha majosho, na katika ripoti za majosho hakuna kitu ila dawa ya kupe.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni moja ya Mukurweini, baada ya ibada, tulipocheza katika uwanja wa kanisa. Nilikuwa nimemhoji afisa kwa ukali mkubwa: siku tatu zote hizo mlikuwa mkifanya nini? Watu walinizomea, nikafurahi. Baadaye nilikwenda kununua ndizi kwa mama mmoja kando ya barabara, bado nimevaa tai. Alinitazama, akafunika kikapu chake kwa jani.

"Sikuuzii," akasema. "Ni wewe ulisumbua yule kijana maskini."

Nilimweleza kwamba ulikuwa mchezo tu. Hakusikia. Mama mtaipu, aliyekuwa akipita, akaja kunitetea. "Mama, msamehe," akamwambia. "Huyu si mkubwa wa ofisi. Ni mwalimu tu."

Mama wa ndizi alinipima upya, kwa makini.

"Mwalimu?" akasema, akakivuta kikapu karibu zaidi na miguu yake. "Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi."